Tiki Iliyorudishwa Ijumaa

Jumapili moja ya Julai 1999, saa mbili asubuhi, Lynnet Awino alifungua mlango wa mbele wa ofisi ya uchapaji ya Mama Nyatichi mjini Migori, akasimama kizingitini bila kuingia. Harufu ilimzuia. Haikuwa ya moshi wala ya kitu kilichooza. Ilikuwa harufu ya plastiki iliyopata moto, kama beseni lililosahauliwa karibu na jiko.

Alifungua dirisha kwanza. Kisha akaondoa kifuniko cha kompyuta na kubonyeza kitufe. Mashine ikaunguruma, ikaleta maandishi meupe juu ya skrini nyeusi, ikakwama hapo. Akaizima, akaiwasha tena. Maandishi ni yale yale. Akaijaribu mara ya tatu, maana ndani ya mashine ile kulikuwa na kitabu cha nyimbo na masomo ya makambi ya Wasabato wa upande ule wote, tangu Oyugis mpaka Ntimaru, na makambi yalikuwa karibu kuanza.

Mama Nyatichi aliingia kwa mlango wa nyuma, ule unaotoka uani kwake. Alikuwa mwanamke mnene, mwenye sauti iliyozoea kuongoza kwaya.

"Umefanya nini mashine yangu?"

"Mama, mimi nimefika sasa hivi. Nimeikuta hivi."

"Nimekuuliza umefanya nini."

Kabla ya saa nne, wanawake wa sokoni walikuwa wamekwisha kuambiwa kwamba msichana wa Mama Nyatichi ameua mashine yenye nyimbo za Mungu. Saa tano kituo cha polisi kikaambiwa hivyo hivyo, kwa maneno ya sheria: kuharibu mali kwa makusudi.

Kesi hiyo alipewa Sajini Mogire, mpelelezi ambaye serikali ilikuwa imemhamisha mara nyingi hata akaacha kufungua masanduku yake. Shati alilohitaji alilitoa, mengine aliyaacha yamekunjwa yakingoja barua nyingine. Miguu ilimuuma. Aliingia ofisini kwa Mama Nyatichi, akaomba kiti kabla ya kuomba maelezo.

"Mimi sijui kompyuta," alisema. "Nionyeshe tu vile ilivyokutwa."

"Ilikutwa imekufa, afande! Kuna kingine?"

"Imekutwa imefunikwa?"

"Imefunikwa," alijibu Lynnet kutoka pembeni. "Kwa hiki."

Mogire akakichukua kifuniko. Kilikuwa cha plastiki nene ya rangi ya maziwa, kilichoshonwa kukaa juu ya mashine kama kofia. Sehemu ya juu ilikuwa imejikunja na kusinyaa, na alama za matundu ya kupumulia ya skrini zilikuwa zimejichora juu yake, mstari kwa mstari. Akapitisha kidole juu yake.

"Kilikuwa hivi Ijumaa?"

"Hapana, afande. Kilikuwa laini. Na sisi hatufuniki mashine ikiwa na joto. Fundi alitukataza siku ya kwanza kabisa."

"Nyamaza wewe, hujaulizwa," alisema Mama Nyatichi.

"Ameulizwa," alisema Mogire kwa upole wa mtu aliyechoka kugombana. "Sasa nakuuliza wewe, mama. Mlango ulivunjwa?"

"Haukuvunjwa. Funguo ni mbili. Moja yake, moja hii hapa kiunoni, na yangu hailali mbali na mimi. Kwa hivyo hesabu mwenyewe."

"Na simu?" Mogire alionyesha sanduku dogo la mbao lililopigiliwa ukutani, lenye kufuli ya shaba. Simu za ofisi nyingi za mji ule zilifungiwa hivyo, wafanyakazi wasije wakapiga Nairobi mwenye ofisi akiwa ametoka.

"Haikuguswa. Kufuli ndiyo hiyo, na ufunguo ninao mimi."

"Jumamosi ulikuwa wapi?"

Mama Nyatichi akajinyoosha. "Jumamosi! Afande, mimi ni Msabato. Ijumaa jua likizama nimefunga, na kesho yake siingii hapa mpaka jua lizame tena. Uliza kanisa lote. Juzi juzi nilisimama mbele ya watu nikasema Cephas Nyabuto awekwe chini ya nidhamu, kwa sababu alianua mahindi yake siku ya Sabato ati mvua inakuja. Amekaa benchi la nyuma mpaka leo. Sheria haina mvua."

"Na huyu msichana?"

"Huyu ni Mkatoliki. Kwake Jumamosi ni siku kama siku zingine." Akaipangusa skrini kwa ncha ya leso. "Wanasema mwaka elfu mbili ukiingia mashine zote zitazimika. Yangu basi imetangulia."

Ukutani, kando ya kalenda, kulikuwa na kipande cha gazeti kilichobandikwa kwa gundi ya unga: habari ya mwaka elfu mbili na kompyuta. Mogire alikisoma chote, maana kusoma kulimpa ruhusa ya kuendelea kukaa.

Halafu akainuka, akashika waya wa simu mahali ulipoingilia dirishani, akaufuata kwa kidole. Kabla ya kufika kwenye sanduku la mbao, waya uligawanyika. Tawi moja liliingia kwenye sanduku lenye kufuli. La pili liliteremka nyuma ya meza mpaka kwenye kijisanduku cheusi kando ya kompyuta.

"Hiki ni nini?"

"Modemu," alisema Lynnet. "Ndiyo inapigia Nairobi simu tukituma barua pepe."

"Na hiki hakina kufuli."

Mama Nyatichi alitazama waya ule, halafu kufuli yake.

Nje, barazani, fundi cherehani aliyeitwa Mochama alikuwa akishona sare za shule. Yeye hakuwa Msabato, na Jumamosi alikuwa ameshinda pale pale.

"Niliona mtu akiingia? Hapana. Mlango wa mbele huu hapa, mtu akipita lazima anikanyage. Lakini kusikia nilisikia."

"Ulisikia nini?"

"Ile kitu yao ya kulia. Kriii, kraaa, kama ndege amenaswa. Inalia, inanyamaza, baada ya muda inalia tena. Asubuhi nzima. Nikasema leo huyu msichana ana barua nyingi."

"Iliacha saa ngapi?"

"Mchana. Wale wa kanisa walikuwa wametoka, mchungaji na wageni wamepita kuingia uani kwa Mama kula. Nikasikia vyombo. Ikalia, ikalia tena kwa nguvu, halafu kwisha. Kama mtu ameikaba."

Mogire alimshukuru, akarudi ndani kumwita Lynnet.

*

Walizungumza kituoni. Lynnet alikaa mikono ikiwa mapajani, kama mtu anayengoja kupigwa picha.

"Ijumaa ulitoka kazini saa ngapi?"

"Saa nane. Niliomba ruhusa. Nilienda matangani Oyugis."

"Nani alifariki?"

"Mjomba."

"Jina?"

Lynnet alitazama mlango. Mogire akamngoja. Hakuwa na haraka, wala hakuwa na nguvu za kuwa na haraka.

"Nyako," alisema Mogire hatimaye. Neno hilo la Kijaluo la kumwita msichana alikuwa amelichukua katika miaka yake ya kuzungukazunguka ziwani. "Mimi nimesikiliza waongo kwa miaka mingi. Wewe hujafuzu. Sema ulipokuwa."

"Homa Bay," alisema Lynnet, na machozi yakaanza. "Kuna ofisi ya mradi wa samaki wanatafuta karani. Sikutaka Mama ajue mpaka nipate. Nililala kwa shangazi, Jumamosi nikafanya mtihani wa kuchapa. Wamenikubali, afande. Lakini wanataka barua ya polisi ya tabia njema. Niliiomba hapa hapa kwenu wiki jana. Iko kwenye ile meza."

Mogire aligeuka. Kwenye meza ya jirani kulikuwa na barua, na jina la Lynnet lilionekana kweli. Mkuu wa kituo alikuwa hajaitia sahihi.

"Jina langu likiingia kwa kitabu chenu, hiyo kazi imeenda. Na hapa Mama amekwisha kunitangaza sokoni. Nitaandikwa na nani tena?"

"Niambie kuhusu hii mashine. Polepole. Kama unamwambia bibi yako."

Alimweleza. Mwezi uliopita mashine ilikuwa imeanza tabia mbaya. Wakiunganisha simu watume barua moja, yenyewe inaanza kujivutia vitu kutoka kwa walioitengeneza ng'ambo, ati inajirekebisha. Fundi aliita kujirekebisha huko apdeti. Simu inashikwa, kazi inasimama, na siku moja mashine ya kuchapishia ikakataa kabisa baada ya kompyuta kujirekebisha. Mama akamwita fundi Frankline Otieno kutoka Homa Bay. Akawaonyesha kwenye skrini kijisanduku chenye alama ya tiki. Tiki ikiwepo, mashine inajiamulia. Ukiitoa, inangoja wewe uiamuru.

"Niliitoa mimi mwenyewe, wote wakiona. Tangu siku hiyo ilitulia."

"Wote ni nani?"

"Frankline na Mama. Mama alikuwa amesimama nyuma yangu na miwani yake."

*

Jumatatu Mogire alifika Homa Bay na kumkuta Frankline Otieno kwenye kibanda kilichojaa matumbo ya redio. Alikuwa kijana mwembamba, mwenye mdomo usiotulia.

"Afande, kama umekuja kunifunga, ningoje nimalize hii. Ni ya kasisi wa Magunga. Atanilaani."

"Ijumaa na Jumamosi ulikuwa wapi?"

"Huko huko Magunga. Naweka umeme wa jua kwa nyumba ya mapadri. Nililala kwao na wakanilisha samaki wa ngege. Waulize, watakuambia nilikula wangapi."

"Mashine ya Mama Nyatichi imekufa."

Frankline akaweka bisibisi chini. "Yawa! Imekufaje?"

Mogire alimwambia kuhusu maandishi meupe, mlio wa modemu na kifuniko kilichosinyaa. Frankline alisikiliza, na kwa mara ya kwanza hakutia mzaha.

"Hiyo si kuibwa, afande. Hiyo ni apdeti iliyokatwa katikati. Mashine ilikuwa inajitoa viungo vya zamani inajiwekea vipya. Mtu akaizima kabla haijamaliza. Ni kama umeamshwa mezani kwa daktari tumbo likiwa wazi."

"Na kwa simu ya Migori hiyo apdeti inachukua muda gani?"

"Usiku na mchana. Laini inakatika, inapiga tena. Ndiyo hiyo kriii ya Mochama."

"Nani angetaka kufanya hivyo?"

"Mimi," alisema Frankline, na mzaha ukarudi. "Si ndivyo unafikiri? Ikiharibika naitwa mimi."

"Ndivyo ninavyofikiri."

"Basi ningeifanya nikiwa na ufunguo gani?"

Mogire aliuliza jambo jingine. "Siku ile ya kutoa tiki, kina nani waliuliza maswali?"

"Lynnet aliuliza ikitolewa mashine haitaharibika? Nikamwambia apdeti si adui, ila uifanye wewe, saa yako, umekaa mbele yake. Mama akauliza mtu akitaka kuirudisha anafanyaje. Wamama ndivyo walivyo. Unawauzia kufuli, wanauliza ufunguo ukipotea."

"Na habari ya mwaka elfu mbili nani alimpelekea?"

Frankline akajikuna shingo.

"Mimi nilimwambia mashine yake haitauona huo mwaka. Nikamwambia anunue nyingine, kwangu."

"Ni kweli haitauona?"

"Ni nusu ya kweli. Ukiifanyia apdeti, itauona."

"Na hiyo nusu nyingine ulimwambia?"

"Hiyo... iko kwa gazeti, afande. Nafikiri alijisomea."

Mogire alimtazama mpaka kijana akainamia redio yake. Kisha akaenda ofisi ya mradi wa samaki. Mokeira, mwanamke mwenye haraka aliyekuwa msimamizi hapo, hakumkaribisha kiti.

"Awino? Ndiyo. Ijumaa alitukuta tukifunga, saa kumi na moja jioni. Alileta karatasi zake. Nikamwambia arudi kesho kwa mtihani, na akarudi asubuhi. Anachapa vizuri kuliko wote. Ana shida?"

"Bado sijui."

"Basi ujue haraka, afande. Jumatano nataka mtu kwenye hiyo kiti, na barua ya polisi mkononi. Akikosa, namchukua aliyemfuata. Sina ubaya naye, lakini samaki hawangoji."

*

Jumanne saa nne asubuhi wote walikuwa ndani ya ofisi ya uchapaji Migori: Mogire kwenye kiti, Frankline mbele ya kompyuta, Lynnet karibu na dirisha, na Mama Nyatichi amesimama kwenye mlango wa nyuma, mikono kifuani.

"Nilidhani umekuja kumchukua," alisema Mama. "Kumbe umeniletea fundi nimlipe?"

"Hatalipwa na mtu. Ana deni lake la ukweli analilipa. Frankline, iamshe."

Frankline aliiwasha mashine kwa njia ya tahadhari, ile inayoamsha sehemu chache tu ili fundi apate kuchungulia ndani. Ilichukua muda. Hatimaye skrini ikakubali, rangi zake zimepauka.

"Inasema saa ngapi?" aliuliza Mogire.

Frankline akasoma. Mogire akatazama saa ya mkononi, halafu akamwomba Mochama kule nje afungue redio yake. Tatu zote zilikubaliana.

"Vizuri. Haidanganyi saa. Sasa nitazamie ile tiki."

Frankline akabonyeza hapa na pale. Akasogea mbele.

"Imerudi."

"Si nilisema!" Mama Nyatichi alipaza sauti. "Nani aliyeijua hiyo tiki kama si yeye?"

"Watu watatu waliijua," alisema Mogire. "Mmoja alikuwa Magunga. Nimepiga simu kwa mapadri. Wanasema anakula sana. Frankline, hivyo vitu ilivyojivutia, cha kwanza kiliingia lini?"

"Ijumaa. Saa kumi na moja na dakika arobaini jioni, papo hapo tiki ilipowekwa."

"Na cha mwisho?"

"Jumamosi. Saa saba na robo mchana. Hapo imekatwa."

Mogire akageuka kwenye kiti polepole, maana mgongo nao ulikuwa umeanza.

"Lynnet, Ijumaa saa kumi na moja jioni ulikuwa unapeana karatasi Homa Bay. Kuna mtu ameniambia hivyo, na hana sababu ya kukupenda. Kutoka huko mpaka hapa ni safari ya saa mbili. Kwa hivyo si wewe."

Lynnet aliegemea ukuta. Mama Nyatichi hakuegemea kitu.

"Basi ni mwizi."

"Mwizi gani anaiacha mashine na kuifunika? Hilo ndilo lililonisumbua tangu Jumapili, mama. Kile kifuniko. Mtu aliifunika ikiwa inafanya kazi, ikaungua chini yake usiku kucha. Hakutaka kuiba. Alitaka mwanga wa skrini usionekane. Na hilo dirisha linatazama njia ya kwenda kanisani."

Nje, cherehani ya Mochama ilikuwa imeacha kulia.

"Jambo la pili," aliendelea Mogire. "Aliyeianzisha alikuwa na haraka ajabu. Angeweza kungoja usiku. Angeweza kungoja Jumapili. Lakini aliwahi kabla jua halijazama. Nilijiuliza ni mharibifu gani anayeogopa jua kuzama. Nikamkumbuka mama yangu."

"Mama yako ana nini hapa?" alisema Mama Nyatichi, lakini sauti ile ya kwaya ilikuwa imeshuka.

"Alikuwa Msabato, huko Nyamira. Ijumaa jioni alikuwa anabandika maharagwe, anaweka magogo mawili makubwa, anarudi nyuma. Anasema moto utapika wenyewe, yeye amekwisha kupumzika. Tukila Sabato hakuna aliyemlaumu. Hakuwasha moto, hakukoroga."

"Hiyo si dhambi," alisema Mama Nyatichi haraka mno.

"Sikusema ni dhambi."

"Kitu ukikiwasha kabla ya jua kuzama, kikajifanyia chenyewe, wewe hujafanya kazi. Hata mchungaji..." Akasita.

Frankline aligeuka kutoka kwenye mashine, mdomo wazi. Lynnet alikuwa wa mwisho kugeuka.

"Mama?" alisema.

Mama Nyatichi alivuta kiti cha wateja, akakikalia. Ghafla alionekana mzee kuliko Jumapili.

"Huyu kijana aliniambia mashine itakufa mwaka elfu mbili. Nikasoma kwa gazeti kwamba apdeti inaiponya. Sasa hiyo simu nitaishikisha siku gani? Siku zote wateja wanaihitaji. Siku pekee haitumiki ni Sabato. Nikarudisha tiki Ijumaa, mchana bado, jua naliona. Nikasema si inaitwa yenyewe? Basi ifanye yenyewe. Nikaifunika watu wasiulize. Mimi sikufanya kazi, afande. Iliifanya yenyewe."

"Naamini," alisema Mogire. "Mpaka saa saba na robo ya Jumamosi naamini."

Mama akafunika macho kwa leso.

"Mchungaji alikuwa kwenye meza yangu," alisema ndani ya kitambaa. "Wazee wote wamekaa. Amefumba macho anabariki chakula. Hiyo kitu ikaanza kulia. Kriii! Mmoja akafungua jicho. Nikasema ni paka. Ikalia tena! Nikaingia kwa huu mlango, sikujua kinazimwaje, mashine inaniuliza maswali ya Kizungu juu ya skrini, nikachomoa plagi. Nilichomoa kwa mkono huu, iliponyamaza nikaichomeka tena na kuifunika mashine. Nikarudi nikasema amina."

Frankline alianza kucheka, akamwona Mogire, akakohoa badala yake.

"Maharagwe ya mama yangu nayo siku moja yaliungua," alisema Mogire. "Sabato, adhuhuri. Alisimama mlangoni akiyatazama yakitoa moshi. Mwishowe akayaepua. Tukayala yakiwa na uchungu, na akawaambia watu kanisani kwamba ameepua. Hakusema ni jirani aliyeyaunguza."

"Ningesemaje?" Mama Nyatichi alitoa leso usoni. "Baada ya Nyabuto? Mimi ndiye nilisimama nikasema arudishwe nyuma kwa ajili ya mahindi! Watoto wake walikuwa wanategemea hayo mahindi na mimi nikasema sheria haina mvua. Nikifungua mdomo leo watanila. Na huyu..." Alimtazama Lynnet, halafu akatazama sakafu. "Nilijua ataenda tu. Wasichana huenda. Nikasema akienda ataenda na hilo."

"Ningeenda nalo wapi, Mama?" aliuliza Lynnet. Hakupaza sauti. "Kila ofisi inauliza ulitoka wapi na kwa nini. Mwaka wote nimechapa nyimbo zenu. Nazijua kwa moyo kuliko za kwetu. Ukanitangaza hata kwa wauza samaki wa omena."

"Nisamehe, mwanangu."

"Nimesikia. Lakini hiyo ya kunitangaza hukuifanyia ndani ya chumba."

Ilikuwa mara ya kwanza Mogire kumwona msichana yule akimtazama mtu machoni. Mama Nyatichi aliuma mdomo.

"Afande," alisema, "mashtaka nayaondoa. Haya mengine yakae hapa kati yetu. Nakuomba."

Mogire akainuka, akishika meza.

"Kuvunja Sabato hakuko kwenye sheria ninayolipwa nayo. Plagi ni yako, mashine ni yako. Kumsingizia mtu kwa polisi, hilo liko. Nitaenda kituoni polepole, kwa sababu ya miguu. Mkuu wa kituo atataka kujua kwa nini mashtaka yameondolewa kabla hajatia sahihi ile barua. Ukinitangulia ukamwambia mwenyewe, mimi sitakuwa na la kuongeza. Na sokoni ulikomtangaza unakujua."

Mama Nyatichi akafungua ufunguo kiunoni, akauweka mezani karibu na kompyuta, akatoka kwa mlango wa mbele. Walimsikia Mochama akimsalimu, naye asijibu. Alishika njia ya kituoni, akipita katikati ya soko, akisimama kila kibanda.

*

Barua ilitiwa sahihi jioni ile. Jumatano asubuhi Lynnet aliiweka juu ya meza ya Mokeira huko Homa Bay, na Mokeira akamwonyesha kiti.

Yaliyobaki Mogire aliyapata kwa Mochama. Frankline alishinda siku mbili akiifufua mashine bila malipo, na nusu ya nyimbo zikapatikana. Nusu nyingine Mama Nyatichi alizichapa mwenyewe kwa kidole kimoja. Siku ya Sabato alisimama kanisani akasema yote, mpaka paka. Watu walicheka kwa paka, lakini kwa Nyabuto hawakucheka. Alipomaliza hakurudi kwenye kiti chake cha mbele. Alienda benchi la nyuma, na Nyabuto, baada ya kumtazama, akasogea kumpa nafasi.

Mwezi wa Septemba barua ya uhamisho ikaja, kama zinavyokuja. Mogire akafunga masanduku ambayo hakuwa ameyafungua. Alipokuwa akipita Homa Bay aliingia ofisi ya mradi wa samaki kuomba maji ya kunywa. Lynnet alikuwa mbele ya kompyuta mpya. Mokeira alikuwa amesimama nyuma yake, mkoba begani, tayari kutoka.

"Inaniuliza kama ijirekebishe yenyewe usiku," alisema Lynnet. Akabonyeza, na tiki ikatoweka kwenye kijisanduku chake.

"Si ungeiacha tu ifanye?" alisema Mokeira. "Sisi tunaenda nyumbani."

"Kesho asubuhi, madam. Nikiwa nimekaa hapa, na mlango uko wazi."

Akainuka kumtafutia Sajini kiti.